Kitonga: wazee wetu wa malori waukumbuka mlima

MUSCAT – Kila Ijumaa baada ya laasiri, ukipita mtaani kwetu hapa Seeb, utawakuta wazee watatu barazani kwa ami yangu. Zamani walikuwa saba. Kahawa ipo, tende zipo, halwa ikipatikana ipo pia, na mazungumzo ni yale yale: Iringa. Watoto wetu wameshazoea, wanapita, wanaamkia, wanakwenda zao. Lakini mwezi uliopita mjukuu mmoja alikaa. Alikuwa na video kwenye simu, imetumwa kwenye grupu la familia. Lori limelala ubavu kwenye kona, mahindi yamemwagika barabarani kama mchanga, watu wanakimbilia na ndoo na mifuko.

"Babu, hapa wapi?"

Ami aliichukua simu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake, akatazama mara moja tu.

"Kitonga," akasema. "Kona za juu. Na huyu alikuwa anashuka na gia kubwa."

"Umejuaje?"

"Kalala upande wa bonde. Mwenye gia ndogo, hata breki zikimwishia, anapata nafasi ya kuchagua. Anaegemea mlima. Huyu hakuchagua kitu, gari ndiyo iliyomchagulia."

Basi nikazima televisheni, nikaweka simu yangu mezani irekodi, na yanayofuata ni yale waliyoyasema wale wazee watatu, pamoja na mke wa ami, ambaye sote twamwita Mama Mkubwa, na ambaye kwa kawaida haingii kwenye mazungumzo ya magari lakini siku ile aliingia.

Kwa vijana waliozaliwa huku, Kitonga ni mlima wa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia pale Tunduma. Unatoka Dar, unapita Morogoro, unakatiza mbuga ya Mikumi ukiangalia usigonge nyati, halafu unateremka kwenye bonde la mto Ruaha. Hapo ni joto, mibuyu mitupu mpaka juu ya vilima, na kina mama wa Ruaha Mbuyuni wanakuuzia vitunguu dirishani. Mbele yako umesimama ukuta. Juu ya huo ukuta ndiko Uhehe kuliko, baridi, mji wa Iringa wenyewe uko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Bonde uliloko chini halifiki nusu ya hapo. Tofauti hiyo sehemu kubwa unailipa pale pale Kitonga, kona baada ya kona, mwamba mkono mmoja na shimo mkono wa pili.

Aliyekwenda Jabal Akhdar kutokea Birkat al-Mouz ataelewa. Tofauti ni kwamba kule polisi wanakusimamisha chini, kama gari yako si ya magurudumu manne yanayovuta unarudishwa. Kitonga hakuna wa kukurudisha. Ni barabara ya riziki, inapita basi, inapita semi ya tani thelathini, inapita baiskeli ya mkaa.

Ami alizaliwa Iringa mwaka 1944, baba yake akiwa na duka la vitu vya kila siku. Akaanza utaniboi akiwa na miaka 17. Nikamuuliza mbona mtoto wa mwenye duka aende kulala chini ya lori. Akacheka. "Duka lilikuwa na watoto sita, kaunta moja."

Jamaa zetu wengi wa bara walikuwa kwenye malori na mabasi zama zile, Wamanga na Washihiri wote. Mwenye mtaji ananunua gari, ndugu anaendesha, mtoto wa jirani anakuwa taniboi. Mikataba ilikuwa mdomoni. Mambo yakienda sawa hakuna tatizo. Yasipokwenda sawa, huna karatasi ya kumwonyesha mtu, na hilo tutalifikia.

Kazi kubwa ilikuja mwisho wa mwaka 1965. Mwezi Novemba walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kwa kupitia huko, ikajikuta imefungiwa mlango. Mafuta yakabidi yapite Dar. Mengine yalibebwa kwa ndege, lakini ndege inabeba kiasi gani? Mengi yalipanda malori, kwenye mapipa ya lita 200, na njia sehemu kubwa ilikuwa changarawe, vumbi na kifusi mpaka Zambia. Waandishi wa Kizungu waliiita njia ya jahanamu. Wakati wa kurudi lori linabeba shaba.

"Tulikuwa tunalala juu ya petroli," alisema mzee wa pili, Mshihiri mwenye maneno mengi, ambaye baba yake alikuwa na gari mbili. "Na tunapika. Wallahi tunapika! Hatua ishirini kutoka kwenye gari, unaona mbali hapo."

Kiangazi lori lilikuwa linafuatana na wingu la vumbi. Ukitaka kulipita la mbele huoni kitu, unapiga honi na kusoma Qul huwallahu. Masika ni balaa jingine. Matope yanashika mpaka ekseli, malori hamsini yanapanga foleni kusubiri moja livutwe, na taniboi anakata matawi ya miti kutandika chini ya tairi. Safari ya siku nne ikawa wiki tatu. Serikali za Tanzania na Zambia zikaanzisha kampuni ya pamoja, yakaletwa maFiat ya Kiitaliano yenye matela, mwaka 1968 likafunguliwa bomba la mafuta mpaka Ndola, na mwanzoni mwa miaka ya sabini lami ikafika. Halafu reli ya Mchina, iliyokabidhiwa 1976. Kila kimoja kiliupunguzia mlima kazi, lakini hakuna kilichouondoa mlima.

Hapo wazee wawili wakaanza kubishana kuhusu Fiat. Mshihiri anasema Fiat ilikuwa mnyama, inapanda na tela lake bila kuhema. Ami anasema inapanda ndiyo, lakini tela tupu kwenye kona ya mvua linakupita ubavuni likusalimie. Yeye alikuwa na Bedford ya tani saba na mpaka leo haongei vibaya juu yake, ingawa kwa jinsi anavyoieleza mimi nisingepanda hata kwenda sokoni.

Kupanda Kitonga kulikuwa hivi. Unafika chini saa tisa au kumi alasiri, husogei. Unapaki, unafungua boneti, unaacha injini ipoe, unakula ugali na samaki wa mtoni. Radieta unaijaza, na madumu mawili ya maji yanafungwa pembeni. Jua likizama, hewa ikipoa, ndipo unaanza, gia namba mbili halafu moja, na hapo unakaa na moja mpaka juu. Mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Na kweli mtu anatembea: taniboi yuko chini, nyuma ya tairi la nyuma, amebeba gogo. Ni kipande cha mti mgumu, kimechongwa upande mmoja kama kabari, kimefungwa kamba ya kushikia. Gari ikishindwa, ikisita tu, taniboi anatia gogo nyuma ya tairi. Dereva anapumua. Injini ikipata nguvu wanaondoka tena, gogo linaokotwa, hatua kumi, linatiwa tena. Usiku kucha mlimani unasikia sauti za vijana wakiambizana: "Tia! Toa! Tia!"

"Handibreki?" mjukuu aliuliza.

"Handibreki ilikuwa pambo," alisema ami.

Lakini kupanda si shida. Wote watatu walikubaliana katika hili, na ndicho kitu pekee walichokubaliana siku ile. Ukishindwa kupanda unalala njiani. Anayeshuka ndiye anayekufa. Kanuni yao ilikuwa moja: gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Unaiingiza juu kabisa, kabla ya mteremko, gari ikiwa karibu imesimama, na huitoi mpaka chini. Injini ndiyo inayoshikilia mzigo, breki unagusa tu kwenye kona. Maana breki ni kitu cha kusuguana, na kila ukikanyaga chuma kinapata moto. Ikipata moto sana haishiki tena. Kwa magari kama Bedford yao, zenye breki za mafuta, mafuta yenyewe yanachemka kwenye bomba, pedeli inakwenda mpaka chini laini kama unakanyaga godoro. Hizi za upepo za siku hizi nazo, ukizipiga mara kwa mara, upepo unakwisha kwenye matangi kabla mashine haijajaza tena.

Na gia zenyewe hazikuwa za kuingia tu. Unapiga klachi mara mbili, unasikiliza injini, unaingiza. Ukikosea kwenye mteremko, gari imekaa fri, haina gia hata moja, na kila sekunde mwendo unapanda, na kadiri unavyopanda ndivyo gia inavyokataa kuingia. Wapo waliokuwa wakiweka fri makusudi, ili wabane mafuta wakayauze Mikumi. Mzee wa tatu, ambaye ni mkimya na muda wote alikuwa anamenya chungwa, alisema sentensi moja tu hapo: "Ndugu yangu alikuwa mmoja wao." Hakuongeza, na sisi hatukumuuliza.

Mama Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na birika. "Na sisi je?" akasema. "Nyie mna mlima wenu, sisi tulikuwa na dirisha."

Walikaa Miyomboni, mjini. Barabara kuu haipandi mjini Iringa, inapita chini Ipogolo, na gari za kuingia mjini zinapanda kilima. Alijifunza kuitambua honi ya mumewe kutoka chini kule. Simu hakuna. Habari inaletwa na dereva mwingine: mumeo nimemwacha Morogoro, mumeo kaharibikiwa Mikumi. "Ile ya Mikumi tulikuwa tunaifurahia," alisema, "maana ukisikia kaharibikiwa Mikumi, ujue bado hajafika Kitonga. Mvua zikinyesha nilikuwa sipiki cha jioni mpaka nisikie honi. Watoto walikuwa wanajua. Wananiuliza, mama leo tunakula saa ngapi, nawaambia mwulizeni baba yenu akija."

Kisha akamtazama ami. "Waambie ya yule kijana."

Ami alikaa kimya. Mimi nilikuwa nikiijua nusu ya habari hii, ile inayosimuliwa na kila mtu katika ukoo: kwamba ami aliwahi kukatikiwa breki Kitonga akaokoka. Nusu ya pili sikupata kuisikia.

Ilikuwa Machi 1971. Alipakia mahindi Iringa kwenda Dar, gunia zimezidi. Anakiri mwenyewe zilizidi, mwenye gari alitaka hivyo, na mwenye gari alikuwa jamaa yake. Taniboi alikuwa kijana wa Kihehe wa upande wa Ilula, miaka 18 au 19. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, barabara imelowa. Alianza mteremko na gia namba mbili, kama inavyotakiwa. Kona ya tatu gia ikaruka yenyewe. Gia boksi ilikuwa imechoka, na alikuwa amemwambia mwenye gari mara mbili.

"Nikajaribu kuirudisha, ikakataa. Nikakanyaga breki, ikashika, ikashika, halafu godoro. Nikamwambia, 'Bwana mdogo, ruka!' Nilitaka ajiokoe. Yeye akaruka. Lakini karuka na gogo."

Kijana alikimbia sambamba na gari, akatupa gogo mbele ya tairi. Gari ikalipanda. Akaliokota, akakimbia tena. Ami anasema mpaka leo haelewi alikimbiaje vile kwenye mteremko, na gogo kama lile mikononi. Mara ya pili gogo likabana kidogo, gari ikapunguza mwendo kwa kiasi cha kumpa ami nafasi ya kukata usukani kuelekea mwambani. Bodi ikasugua jiwe, gunia zikapasuka, gari ikasimama. Kijana alikuwa katikati ya tairi na mwamba.

Lori lililokuwa linapanda liliwachukua mpaka hospitali Iringa. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Mwenye gari alitoa pesa ya hospitali na nauli ya kwenda kijijini, akasema hii ni ajali ya kazi, Mungu ndiye mpangaji. Hakuna karatasi, kama nilivyosema. Ami akauza saa yake na redio, akampelekea. Akamwahidi kwamba akikaa vizuri atamfungulia kibanda cha biashara pale pale barabarani, na mtoto akimzaa atamsomesha. Alimwahidi mbele ya mama yake mzazi.

Mwaka 1976 sisi tulikuja huku. Wasomaji wetu wengi wanajua hali ilivyokuwa: Oman inafunguka, jamaa wanaandikiana njooni, njooni, kazi zipo. Ami alipata kazi ya udereva, kisha ya stoo. Barua mbili alimwandikia kijana, anuani ya shule ya msingi ya kijijini. Hazikujibiwa. Ya tatu hakuandika.

"Kwa nini hukuandika?" niliuliza.

"Kwa sababu sikuwa na pesa ya kutia ndani. Halafu nilipokuwa nayo, ikawa aibu. Miaka kumi umemnyamazia mtu, unaanzaje?"

Alianza mwaka 2011, alipokwenda Tanzania kwa mazishi ya dada yake. Akachukua gari mpaka Ilula. Lami, maduka, nyanya na vitunguu vimepangwa kandokando ya njia, hakutambua kitu. Akauliza kwa mzee mwenye mguu mmoja. Akaonyeshwa kibanda.

"Nikasema, kamwene. Akanijibu bila kuniangalia, anafunga vitunguu. Halafu akanyanyua uso. Hakushtuka, wallahi. Akasema, 'Dereva. Umechelewa.' Nikakaa chini."

Kile kibanda alijijengea mwenyewe. Binti yake alikuwa ameshasoma, mwalimu, alisomeshwa na wajomba zake. Barua alizipata zote mbili. Hakujibu kwa sababu alikuwa na hasira, na kwa sababu kila barua ilisema pesa inakuja. Na alimwambia ami neno moja ambalo ami alilirudia pale barazani mara mbili: kwamba kwa miaka mingi, kila lori lililosimama kwenye kibanda chake kununua vitunguu, alikuwa anachungulia kwanza kwenye kebini.

Ami alikuwa amebeba pesa. Mwenzake alizihesabu mbele yake, akachukua, hakusema asante wala hakusema hapana. Kisha akamfungia gunia dogo la vitunguu akamwambia hivi unalipa, hivi ni biashara. Ami akalipa.

Toka siku ile waliongea kwa simu. Kila Idi kijana, ambaye sasa ni mzee na ni Mkristo, alikuwa akimpigia ami kumpa mkono wa Idi, na ami akimpigia Krismasi. Magari ndiyo waliyokuwa wakiyaongelea. Alifariki miaka minne iliyopita. Binti anaendelea kupiga.

Mzee Mshihiri, ambaye sijawahi kumwona amekosa neno, alikuwa anatazama kikombe chake.

Niseme langu hapa. Katika jamii yetu tunayo mazoea ya kuwasifu waliokuwa na magari. Majina yao tunayajua, gari zao tunazijua mpaka rangi. Mataniboi wao walikuwa nani? Nimewauliza wazee wale watatu, baina yao wamefanya kazi na mataniboi wasiopungua ishirini, na majina waliyoyakumbuka yalikuwa saba. Nimeyaandika daftarini, siyaweki hapa kwa sababu sijapata ruhusa ya jamaa zao.

Miaka michache nyuma tulimpeleka ami Jabal Akhdar na familia nzima, kwenda kuona mawaridi. Kwenye mteremko alimwambia mwanawe asimamishe gari. Pembeni ya barabara kulikuwa na ile njia fupi inayopanda juu, imejazwa kokoto nyingi, haiendi popote. Watoto wakamweleza: babu, hiyo ni ya gari iliyokatika breki, unaingia pale, kokoto zinashika tairi, gari inazama na kusimama yenyewe. Alishuka, akatembea mpaka pale, akaingiza kiatu ndani ya kokoto kuona zina kina gani. Alikaa muda mrefu mpaka Mama Mkubwa akampigia honi.

Barazani siku ile adhana ya magharibi ilipokaribia, wazee wakaanza kutafuta viatu vyao. Ami akamwita mjukuu mwenye simu.

"Hiyo video, mtumie binti wa Ilula. Muulize dereva alitoka? Na taniboi wake je?"

Jibu lilikuja asubuhi, kwa sauti. Dereva ni mzima, alisema binti, ameumia mkono. Taniboi amelazwa Iringa, ni kijana mdogo, na watu wa pale barabarani wamechanga kidogo kwa sababu mwenye gari hajaonekana. Ami alisikiliza mara mbili, akaniuliza kama kwenye simu yangu naweza kutuma pesa mpaka kule.